Mwanga, Sumaku na Kihami Chenye Uso wa Umeme

Huko Tabaka, Kaunti ya Kisii, wachongaji hupasua jiwe la sabuni kwa panga, hulichonga kwa kisu, kisha hulisugua kwa maji na msasa mpaka ling'ae. Jiwe hilo ni kihami, yaani halipitishi umeme, na hata ukilikata mara ngapi, uso mpya hufanana na moyo wake. Vihami tulivyovizoea ndivyo vilivyo. Kuna kimoja kisicho hivyo, na mwanga na sumaku vilisaidia kukifichua.

Mwanzo wa habari hii uko London, Septemba 1845. Mwanasayansi Michael Faraday aliuchuja mwanga wa taa ukabaki na mtetemo wa upande mmoja, akaupitisha ndani ya kioo kizito chenye risasi. Alipowasha sumaku ya umeme, upande wa mtetemo ukageuka. Ikabainika kwamba mwanga na sumaku ni ndugu.

Kihami chenyewe kilikuja baadaye sana: mwaka 2005 wanafizikia Charles Kane na Eugene Mele, Marekani, walibashiri kihami ambacho kingoni mwake umeme hupita. Mwaka 2007 kundi la Laurens Molenkamp huko Würzburg, Ujerumani, likathibitisha kwamba kihami cha aina hiyo kipo. Mwaka 2009 ikaja zamu ya fuwele za bismuthi na seleni: zilipasuliwa ndani ya ombwe, uso mpya ukamulikwa, elektroni zikachomoka na kupimwa, ikaonekana kwamba umeme unaweza kupita usoni kote, si kingoni tu. Usoni, kila elektroni hufungamanisha mwelekeo wa mwendo wake na mwelekeo wa usumaku wake mdogo, kwa hiyo si rahisi kurudishwa nyuma. Mega kipande, na uso mpya nao utapitisha umeme.

Sumaku huondoa kinga hiyo dhidi ya kurudishwa nyuma. Mwaka 2013, Beijing, kundi la Xue Qikun lilitia kromi, ili kuleta usumaku, katika utando mwembamba wa kihami cha aina hiyo. Katika baridi kali, njia za usoni zikafungwa. Umeme ukabaki kingoni, ukienda upande mmoja, bila sumaku ya nje.

Mwaka 2016 kundi la Peter Armitage, Baltimore, likarudia jaribio la Faraday kwa utando wa bismuthi na seleni. Mtetemo wa mwanga uligeuka kwa hatua maalumu, zinazopangwa na namba ileile inayotawala uhusiano wa mwanga na elektroni kila mahali: takriban 1/137.

Mwalimu unayefundisha sumaku Kisii au Nyamira, usiishie 1845. Mfikishe mwanafunzi hadi 2016, ajue kwamba somo hili bado linaandikwa na kwamba naye anaweza kuliongezea ukurasa.