Mlango na Jirani: Historia ya Jeraha Dogo katika Maegesho ya Motokaa

Neno "maegesho" limezaliwa na kitenzi "kuegesha", na kitenzi hicho kilikuwa cha mabaharia kabla ya kuwa cha madereva. Kuegesha chombo ni kukisogeza taratibu mpaka kikaribie gati, au pwani, au ubavu wa chombo kingine. Kazi hiyo ina adabu yake. Nahodha hupunguza mwendo, mabaharia husimama ubavuni, na baina ya mbao na mbao huteremshwa kamba nene au mpira mkuukuu wa gari, ili vyombo vikigusana visiumizane. Kiswahili kilipopata motokaa kiliipa neno hili la bahari, lakini ile kinga ya ubavuni haikufuatana na neno. Motokaa mbili zinaposimama bega kwa bega katika uwanja wa maegesho, hazina kitu baina yao ila hewa na hisani ya wenyewe.

Ndiyo maana malalamiko juu ya milango ya motokaa yamekuwa mengi kila penye viwanja hivyo. Mtu huacha motokaa yake ikiwa nzima, huenda sokoni, na arudipo huona mlangoni bonyeo la upana wa kidole gumba na mkwaruzo wa rangi isiyo yake. Aliyelifanya jeraha hilo amekwenda zake. Hakuacha jina wala neno la radhi. Hukumu itolewayo hapo ni moja siku zote: madereva hawana adabu. Hukumu hiyo ni ya kweli, walakini ni nusu ya kweli. Jeraha la mlango lina historia, nayo ni historia ya mambo matatu yaliyokutana: umbo la motokaa, upana wa nafasi yake, na ugeni wa mtu aliye jirani. Mambo hayo yalionekana mapema Marekani, ambako motokaa zilienea kwa watu wa kawaida kabla ya kuenea hivyo penginepo. Basi yafaa habari ianzie huko.

Motokaa iliyoieneza nchi hiyo ilikuwa Ford ya namna ya T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, nayo ilizidi milioni 15 kwa hesabu. Ilikuwa motokaa ya kimo kirefu na bodi nyembamba. Madigadi yake yalitokeza nje ya bodi, na baina ya digadi la mbele na la nyuma ulipita ubao wa kukanyagia, ambao abiria aliupanda kama ngazi. Motokaa mbili za namna hiyo zikisimama pamoja, vilivyokaribiana kwanza vilikuwa madigadi na mbao hizo, na milango ilibaki ndani, mbali na hatari. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi zile za wazi zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na mlango wa kweli upande wa dereva. Palikuwa na umbo la mlango tu lililochorwa katika bati, na dereva aliingia kwa upande wa pili. Hapana aliyekusudia kumlinda jirani kwa mpango huo. Ulikuwa mpango wa kupunguza gharama na wa kufuata desturi za magari ya farasi. Hata hivyo ulimlinda.

Kinga hiyo iliondoka kidogo kidogo. Katika miaka ya 1930 watengenezaji walianza kupanua bodi na kufupisha mbao za kukanyagia, na baada ya Vita Kuu ya Pili badiliko likatimia. Ford ya mwaka 1949, iliyoonyeshwa New York katika Juni 1948, ilikuwa na ubavu uliolala sawasawa toka mbele hata nyuma. Madigadi yalimezwa na bodi, na ubao wa kukanyagia haukuwapo tena. Watu waliipenda kwa haki, maana nafasi ya ndani iliongezeka na upepo ulipita bila ya kuzuiwa sana. Lakini tangu hapo mlango ukawa ndio ubavu wenyewe. Kilichokuwa kimefichwa nyuma ya ngao kikawa ngao, nacho kilikuwa bati tupu lililopakwa rangi. Katika miaka kumi iliyofuata motokaa za Marekani ziliendelea kunenepa. Cadillac ya mwaka 1959 ilikuwa na upana wa takriban mita 2. Nyingi katika motokaa za siku hizo zilikuwa na milango miwili tu, na mlango mmoja uliweza kupita mita 1 kwa urefu, ili watu wa kiti cha nyuma wapate njia. Mlango mrefu huzunguka kwenye bawaba zake kama mkono wa mizani: ukisukumwa kidogo karibu na bawaba, ncha yake huenda mbali na kwa kasi. Mtoto mwenye pupa, upepo wa ghafula, au uwanja wenye mteremko, kila kimoja chatosha kuupa nguvu ya kubonyeza bati la jirani.

Wakati umbo lilipokuwa likibadilika hivyo, mahali pa kusimama nako palibadilika. Mwanzoni motokaa zilisimama kando ya njia, kama walivyofungwa farasi zamani, na zilisimama moja nyuma ya moja. Kwa hiyo zilielekeana bampa kwa bampa, si mlango kwa mlango. Tarehe 16 Julai 1935 mji wa Oklahoma City uliweka mita ya kwanza ya maegesho, kwa juhudi za Carl Magee, na dereva alilipa senti 5 kwa saa. Mita ilitaka kila motokaa iwe na nafasi yake iliyopimwa. Hivyo ndivyo mistari iliyochorwa chini ilivyopata nguvu mpya: ilimfundisha dereva kwamba kipande fulani cha ardhi ni chake kwa muda. London ilifuata mwaka 1958, mita zilipowekwa katika Westminster.

Njia za mjini hazikutosha, na sheria ikaingia. Mwaka 1923 mji wa Columbus katika Ohio uliamuru kwamba nyumba za wapangaji wengi zijengwe pamoja na mahali pa kuwekea motokaa. Miji mingine ikaiga, hata amri za namna hiyo zikawa jambo la kawaida katika nchi nzima. Donald Shoup, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California katika Los Angeles, alizichunguza kwa kirefu katika kitabu chake The High Cost of Free Parking, kilichotoka mwaka 2005, akaonyesha jinsi zilivyoifanya miji iwe ya motokaa kuliko ya watu. Kwa habari ya milango kuna la kuongeza. Amri hizo zilihesabu nafasi. Hesabu ikitimia, mjenzi alikuwa huru. Mwenye ardhi aliyetakiwa kutoa nafasi nyingi alikuwa na sababu nzuri ya kuzifanya nyembamba.

Kisha yakaja majumba makubwa ya maduka nje ya miji. Country Club Plaza ya Kansas City, iliyofunguliwa mwaka 1923, ilijengwa kwa kuwatazamia wateja wenye motokaa. Northland, karibu na Detroit, ilifunguliwa mwaka 1954, na Southdale, katika Edina ya Minnesota, mwaka 1956. Zote mbili zilichorwa na Victor Gruen. Southdale ilikuwa na nafasi za motokaa zipatazo 5,000. Gruen alitamani kuumba mahali pa watu kutembea na kukutana, mfano wa miji ya Ulaya alikotoka. Ndani ya jengo alifanikiwa kwa kiasi. Nje alizungukwa na bahari ya lami. Na katika lami hiyo motokaa hazikusimama tena moja nyuma ya moja. Zilipangwa safu kwa safu, ubavu kwa ubavu, mlango ukitazama mlango.

Waswahili husema kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mithali hiyo hutumika kupatanisha watu wa nyumba moja, na ndani yake kuna faraja: vyombo hivyo ni vya kabati moja, na kesho vitakaa pamoja tena. Aliyemkosea mwenziwe humwona asubuhi, akamwomba radhi. Katika uwanja wa maegesho mgongano upo, lakini kabati halipo. Jirani wa saa moja hana jina, na akiondoka hataonekana tena. Aibu, ambayo katika mtaa ni mlinzi asiyelipwa mshahara, hapo haina kazi, kwa kuwa hapana wa kumwonea aibu.

Mambo yangaliweza kupata nafuu kama motokaa zingalipungua. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973 zilipungua kweli, na miji mingi ya Marekani ikaruhusu nafasi maalumu za motokaa ndogo, zenye upana wa takriban mita 2.3. Lakini katika miaka ya 1990 wanunuzi waligeukia motokaa ndefu za kimo, zenye umbo la gari la porini. Motokaa zikakua tena, na mistari iliyochorwa kwa ajili ya ndogo ikabaki pale pale. Ulaya nayo yasimulia habari hiyo hiyo kwa tarakimu. Volkswagen Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na upana wa mita 1.61, ile ya nane, iliyotokea mwaka 2019, ina mita 1.79. Katika nafasi za mita 2.4, ambazo zimekuwa kipimo cha kawaida Uingereza, Golf mbili za kwanza zikisimama katikati ya mistari yao zilikuwa na sentimita 79 baina yao. Golf mbili za nane zina sentimita 61, bila ya kuhesabu vioo vya pembeni. Sentimita 18 zimepotea, na hapana dereva hata mmoja aliyezidisha utovu wa adabu.

Watengenezaji hawakukosa kuliona jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 motokaa nyingi zilipigwa ukanda wa mpira au plastiki ubavuni, ndugu wa mbali wa ule mpira wa chombo. Baadaye kanda hizo ziliondolewa katika nyingi kwa sababu ya sura. Peugeot ilitoa motokaa ya 1007 mwaka 2005, ambayo milango yake iliteleza nyuma badala ya kufunguka nje. Haikupata wanunuzi wengi, na mwaka 2009 ikaachwa. Citroën ilitoa C4 Cactus mwaka 2014, yenye vifuko vya plastiki vilivyojaa hewa milangoni. Ford nayo ilifanya katika baadhi ya motokaa zake kingo ya plastiki inayojitokeza yenyewe kwenye ncha ya mlango unapofunguliwa. Hii ya mwisho yastahili kuangaliwa, kwa kuwa tofauti na nyingi ilimkinga jirani kwa mali ya yule afunguaye mlango. Hata hivyo wanunuzi hulipa kwa furaha zaidi kitu kinachowalinda wao kuliko kinachomlinda mtu wasiyemjua.

Sheria nayo imejaribu. Katika California, dereva aliyeharibu motokaa isiyo na mtu hutakiwa amtafute mwenyewe, au aache mahali pa kuonekana barua yenye jina lake na anwani yake. Ujerumani ni kali zaidi: aliyesababisha ajali huamriwa angoje kwa muda wa kadiri, kisha atoe habari bila ya kukawia, na kikaratasi kilichobanwa kwenye kioo cha mbele hakitoshi kumwokoa na hatia. Uingereza ina kanuni ya mwaka 1986 ikatazayo kufungua mlango wa gari njiani kwa namna ya kumdhuru au kumhatarisha mtu; lakini kanuni hiyo hutazama mwili wa mtu kwanza, si bati. Sheria zote hizo ni njema, nazo zote zina udhaifu mmoja. Zataka mkosaji ajishitaki mwenyewe. Bonyeo halitoi sauti ya kuita askari, na gharama yake mara nyingi huwa ndogo kuliko sehemu ambayo mwenye bima hulipa mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa. Hivyo aliyeumizwa hana pa kwenda, na hasara ya mmoja humwangukia mwingine kimya kimya.

Kwa hiyo haki yataka lawama igawanywe. Kuna fungu la mwenye kiwanja, aliyechora mistari ya motokaa zilizokwisha kupita. Kuna fungu la mtengenezaji, aliyeondoa ngao na kunenepesha bodi. Kuna fungu la mnunuzi, aliyetaka kubwa na kuisimamisha penye nafasi ya ndogo. Mafungu hayo matatu yaweza kurekebishwa kwa vipimo na kwa amri. Likibaki fungu la nne, nalo ni la mkono ulioshika kitasa, hilo halina fundi. Mwenye mkono huo aweza kuushika mlango kwa ncha yake hata ufunguke kiasi cha kutosha tu. Aweza kumteremsha mtoto yeye mwenyewe. Na akikosea aweza kuandika jina lake na kulibana kwenye kioo cha mgeni, ilhali ajua kwamba hapana aliyemwona.

Tendo hilo la mwisho ni dogo kwa macho, na lina gharama kwa mwenye kulitenda. Laweza kumgharimu fedha ya rangi na ujira wa fundi, na huenda likamletea maneno makali. Faida yake huonekana kwa mtu mwingine: yule arudiye na mizigo yake akakuta bonyeo, na kando yake karatasi yenye jina. Bati lake limeumizwa kama lilivyoumizwa la jana, lakini hakudharauliwa. Amepata jirani mahali ambapo umbo la motokaa, kipimo cha nafasi na haraka ya mji vilishirikiana kumnyima.