Tiba za kunyonyoka nywele kwa mabaka

Kunyonyoka nywele kwa mabaka, kitaalamu alopesia areata, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mizizi ya nywele. Nywele hutoka ghafla na kuacha mabaka ya mviringo, laini, yasiyo na magamba wala makovu. Katika kila watu 100, takriban 2 hupatwa nao wakati fulani maishani. Wengi hubaki na baka moja au mawili; wachache hupoteza nywele zote za kichwa, nyusi, kope na hata malaika ya mwilini. Shina la nywele halifi, ndiyo maana zaweza kuota tena hata baada ya muda mrefu.

Tiba ianze na utambuzi sahihi. Afrika Mashariki, mtoto mwenye baka kichwani huambiwa ana mapunye, na mara nyingi ni kweli. Lakini mapunye huletwa na kuvu, huwa na magamba, na hutibiwa kwa vidonge kama griseofulvini, ambavyo haviisaidii alopesia areata. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile, kwani krimu ya steroidi huyastawisha mapunye. Daktari wa ngozi hutazama ukingo wa baka kwa kioo cha kukuzia: nywele fupi zilizo nene juu na nyembamba shinani huelekeza kwenye alopesia areata, na vishimo vidogo kwenye kucha huongeza ushahidi.

Kipimo cha haki cha tiba yoyote ni kuilinganisha na kutotibu. Kwa wenye mabaka machache, karibu nusu huota nywele wenyewe ndani ya mwaka. Hapo ndipo kitunguu, mafuta ya mnyonyo na dawa nyingi za kununua hupata sifa zisizostahili: nywele zingerudi tu. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 17 na hayakupata tiba hata moja iliyothibitika kuleta manufaa ya kudumu.

Hata hivyo, kwa mtu mzima mwenye mabaka machache, sindano za triamsinoloni, aina ya steroidi, ndizo madaktari wengi huanza nazo. Dawa, kwa kawaida miligramu 2.5 hadi 10 katika kila mililita, hudungwa matone madogo madogo ndani ya ngozi ya baka, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Sindano huuma, na ngozi yaweza kubonyea au kupauka, jambo linaloonekana waziwazi kwenye ngozi nyeusi. Watoto, ambao hawastahimili maumivu hayo, hupewa steroidi kali ya kupaka kama klobetasoli. Minoksidili husukuma ukuaji wa nywele lakini haizuii shambulio lenyewe, hivyo hutumika kama msaidizi.

Mabaka yakienea, sindano hazitoshi. Kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa kupaka kila wiki kemikali iitwayo difensiproni ili kuchokoza mzio mdogo unaovuruga shambulio la kinga. Inasaidia baadhi, lakini huwasha, huvimbisha tezi za shingo, na huweza kubadili rangi ya ngozi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2022, Marekani ilipoidhinisha barisitinibu, kidonge kinachozuia vimeng'enya vya JAK vinavyopeleka amri za shambulio ndani ya chembe za kinga. Katika majaribio mawili yaliyohusisha watu wazima 1,200 waliopoteza angalau nusu ya nywele za kichwa, zaidi ya theluthi moja ya waliomeza miligramu 4 kwa siku walifunikwa nywele kwa asilimia 80 au zaidi baada ya wiki 36. Kwa waliopewa dawa bandia, kiwango kilikuwa asilimia 6 katika jaribio moja na 3 katika jingine. Ritlesitinibu ilifuata mwaka 2023, kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea.

Ni hatua ya kweli, ila si ya kila mtu. Vidonge hivi hupunguza kinga, na kifua kikuu kilicholala mwilini chaweza kuamka, hatari isiyo ndogo katika nchi zetu. Kwa hiyo kipimo cha kifua kikuu hutangulia dozi ya kwanza. Mkanda wa jeshi na damu kuganda pia huangaliwa. Bei ni kubwa mno kwa wengi, na dawa ikiachwa, nywele mara nyingi hunyonyoka upya.