SOKSI IPI INAPAKWA MAJI? HISTORIA YA JAMBO LINALOTUGOMBANISHA MISIKITINI

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Miezi hii ya Juni na Julai, upepo wa ziwani wa alfajiri unauma, na kila mwaka ukifika msimu huu swali linarudi lile lile: nimevaa soksi, je, nipake maji juu yake au nivue nioshe miguu? Kuna msikiti mmoja hapa mkoani, siutaji, ambako watu walifikia hatua ya kurudia swala kwa sababu imamu alionekana akipaka juu ya soksi nyembamba za nailoni. Baba na mwanawe wakawa hawaswali safu moja. Jambo likishafika hapo, inabidi tujue limetoka wapi.

Tuanzie Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Mughira bin Shu'ba (r.a.) alikuwa amembebea Mtume (s.a.w.) maji ya udhu. Mtume alikuwa amevaa joho la Kishami lenye mikono ya kubana, hata ikambidi atoe mikono yake kwa chini ya joho ili aoshe. Walipofika miguuni, Mughira akainama amvue khuffu. Mtume akamwambia aziache, kwa kuwa alizivaa miguu ikiwa na twahara, kisha akapaka juu yake. Bukhari na Muslim wote wameipokea habari hii. Khuffu (si hofu ile ya moyoni) ni kiatu laini cha ngozi kinachopanda hadi kuvuka vifundo.

Wapo waliodhani kwamba aya ya 6 ya Suratul Maida, inayoamrisha kuosha miguu, ilifuta ruhusa hiyo. Ndiyo maana wanafunzi wa Ibn Mas'ud walifurahi sana kwa habari ya Jarir bin Abdillah al-Bajali: yeye alimwona Mtume akipaka, na kusilimu kwake kulikuwa baada ya Maida kushuka. Hoja ikaisha. Kwa hiyo juu ya khuffu za ngozi Ahlus Sunna hawagombani. Ugomvi uko kwenye soksi.

Kwa Kiarabu soksi ni jaurabu, neno lililotoka Uajemi. Wala msidhani ni kitu kilicholetwa na Mzungu. Huko Misri, kwenye makaburi ya Oxyrhynchus, zilifukuliwa soksi nyekundu za sufu za karne kadhaa kabla ya Mtume kuzaliwa, zimegawanywa kwenye kidole gumba ili zivaliwe pamoja na ndara. Leo ziko London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Kwa hiyo Maswahaba waliziona soksi. Imamu Abu Dawud anawataja kwa majina waliopaka juu yake: Ali, Ibn Mas'ud, al-Baraa bin Azib, Anas bin Malik, Abu Umama, Sahl bin Sa'd na Amr bin Huraith, na akasema imepokewa pia kwa Umar na Ibn Abbas.

Ila hadithi inayosema Mtume mwenyewe alipaka juu ya soksi, nayo pia kutoka kwa Mughira, mabingwa wa hadithi waliivutana. Tirmidhi akaisahihisha, Abdurrahman bin Mahdi akakataa kuisimulia, kwa sababu kilichojulikana kwa Mughira ni khuffu. Hapo ndipo njia zilipoachana. Imamu Malik alitaka soksi iliyofunikwa ngozi. Imamu Ahmad aliruhusu soksi nene inayosimama yenyewe mguuni. Abu Hanifa kwanza alikuwa na msimamo mkali, ingawa wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, waliruhusu soksi nene. Kisha imesimuliwa kwamba katika maradhi yaliyomwondoa duniani, mwaka wa 150 Hijria, aliletewa maji, akatawadha, akapaka juu ya soksi, na akawaambia waliokuwepo kuwa leo amefanya jambo alilokuwa halifanyi. Mimi habari hii huipenda sana. Mwanachuoni wa daraja lile, yuko kitandani, anabadilisha fatwa yake mbele ya watu bila kuona haya.

Sasa sisi. Uislamu ulifika kandokando ya ziwa hili kwa watu wa pwani, wafanyabiashara na askari, nao walikuja na fiqhi ya Imamu Shafi. Masharti tuliyosomeshwa yamo katika kitabu cha Abu Shujaa: uzivae ukiwa na twahara kamili, zifunike sehemu yote inayooshwa, na ziwe za kuweza kutembelewa mfululizo. Lakini wazee wetu walisoma mlango huo bila kuwa na haja nao sana. Pwani watu walivaa makubadhi na mitalawanda. Huku bara, miguu mitupu. Tazama picha za askari wa KAR katika vita ya kwanza: vitambaa vimezungushwa kwenye muundi, na chini ni nyayo kavu. Soksi zimeenea kwetu kwa viatu vya shule na vya kazini, halafu mitumba ikazimwaga sokoni. Kwa hiyo mlango uliokuwa wa kitabuni ukageuka kuwa wa kila siku.

Na soksi yenyewe ikabadilika. Nailoni iliingia madukani kwa wingi Marekani mwaka 1940, ikiwa soksi za wanawake. Hakuna imamu kati ya wanne aliyeshika kitu kama kile. Mzee anayesema haifai anaangalia sharti la kutembelewa, na kweli, tembea na soksi ya nailoni bila kiatu kutoka Nyasho hadi Mwisenge uone kitakachobaki. Kijana anayesema inafaa naye hakuota ndoto: Imamu Nawawi, Mshafi wetu, ameandika katika al-Majmu' kwamba imenakiliwa kwa Umar na Ali kuruhusu hata nyembamba, ingawa madhehebu haikuchukua kauli hiyo. Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus, aliyefariki 1914, akaandika kitabu kizima kuitetea ruhusa ya soksi.

Mimi nafundisha nene, na kwenye nyembamba naosha. Kumwambia aliyepaka kuwa hana swala, hilo silisemi. Imamu Ahmad aliona anayetokwa damu puani hutawadha upya. Alipoulizwa kama angeswali nyuma ya asiyetawadha, akashangaa: vipi asiswali nyuma ya Malik na Said bin al-Musayyib?

Ukienda sokoni, basi, chukua pamba nzito au sufu. Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, irudishe. Pima urefu: hizi soksi fupi za raba zinazoishia chini ya vifundo hazipakwi kwa madhehebu yoyote kati ya manne, kwa sababu sehemu ya kuoshwa iko wazi, na vijana wengi wanakosea hapa kuliko kwenye nailoni. Yenye tundu, kwa Imamu Shafi haifai; Sufyan Thauri alilegeza, akikumbusha kuwa khuffu za Muhajirina zilikuwa zimechanika. Mwenye kisukari atafute isiyobana lastiki, na kila usiku avue akague nyayo, ruhusa isimfichie kidonda.

Muda ni mchana na usiku mmoja kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri. Kwetu Mashafi hesabu inaanza udhu unapotenguka baada ya kuvaa. Dereva wa bodaboda aliyevaa saa 11 alfajiri, udhu ukamtoka saa 4 asubuhi, anapaka hadi saa 4 ya kesho yake. Akizivua kabla ya hapo, ruhusa imekatika. Na kinachopakwa ni juu ya mguu, si chini ya unyayo.

Wallahu aalam.