Ndoto za Yusuf: Freud na Riwaya ya Gurnah

Sisi hatukungojea Freud atufundishe kwamba ndoto ina maana. Tangu chuoni tulisomeshwa habari za Nabii Yusuf, aliyefasiri ndoto za wafungwa na za mfalme. Lakini Freud aliifunga ndoto na sanaa. Katika insha yake ya 1908 alidai kwamba mwandishi ni kama mtoto mchezoni: hujijengea ulimwengu wa kutimiza matamanio aliyonyimwa na maisha.

Je, dai hilo linamfaa Abdulrazak Gurnah? Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaanza kuandika Uingereza akiwa kijana mpweke. Mhakiki mwenye haraka atasema: basi, riwaya zake ni ndoto ya kurudi kwao. Kazi imekwisha!

Haijesha. Tuitazame Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz. Anadhani ni jamaa yao, kumbe yeye ni rehani ya deni la babake. Usiku mbwa wanamjia ndotoni. Hapo matamanio yako wapi?

Freud mwenyewe alikwama papo hapo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliendelea kuyaota yale yale yaliyowatisha. Katika kitabu chake cha 1920 alikiri kwamba ndoto hizo hazitimizi tamaa. Nafsi iliyojeruhiwa hulirudia jeraha lake ili ilimudu.

Na riwaya hii inaishia ukingoni mwa vita hivyo hivyo, katika koloni la Wajerumani. Askari wameondoka kambini, mbwa wa kweli wanakula kinyesi, na Yusuf anajiona ndani yao. Kisha anawakimbilia askari. Nabii Yusuf aliwafasiria wenziwe. Yusuf huyu ndoto yake inafasiriwa na historia.

Kwa hiyo, wenzangu wa Tunguu, tulio karibu na mji aliokulia Gurnah, tusiishie kuulizana nyumba ya fulani riwayani ni ipi. Wala tusimlaze mwandishi kitandani kama mgonjwa. Kumweka mtu rehani kwa deni si njozi ya mtu mmoja. Lilikuwa jambo la pwani na bara katika karne ya 19. Freud atufae kwa kutuonyesha jeraha. Nani aliyelitia, hilo tuiulize historia.