Kulinda mng'aro wa alumini ya injini: chumvi ya Pwani na zebaki ya Masara

Swali ninaloulizwa zaidi gerejini kwangu hapa Mombasa si la breki wala la gia. Ni la urembo. Mtu amelipa fundi amsugulie kava ya tapeti, manifodi ya hewa na kava ya alteneta mpaka anajiona uso kama kwenye kioo. Wiki tatu baadaye anafungua boneti anakuta ukungu mweupe na vidoadoa. Anadhani ameuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Tatizo ni kwamba hakuambiwa alumini inajilinda vipi, wala mahali anapoishi pana adui gani.

Mimi mwenyewe somo hilo lilinikaa sawasawa nikiwa mbali na bahari, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Nitaanza na kisa hicho, kisha nieleze hatua za kufuata kwa sisi wa Pwani.

Kilichonikuta Masara

Masara ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Kaunti ya Migori, kwenye ukanda ule ule wa dhahabu wenye mgodi wa zamani wa Macalder. Mteja wangu mmoja anafanya biashara huko, akaniita nikamtengenezee pikapu yake. Nilifungua kava ya tapeti kubadilisha gasketi, na kwa kuwa alitaka ing'ae, nikaipiga msasa jioni ile juu ya meza ya nyumba tuliyofikia. Nikaokota kitambaa kilichokuwa pale mezani, nikaifuta vumbi, nikaiacha.

Asubuhi kava ilikuwa imeota ndevu. Nyuzi nyeupe, laini kama pamba, zimesimama juu ya chuma nilichokisugua kwa mikono yangu. Nikizipangusa, baada ya muda zinaota tena, na chini yake pameliwa. Nikalaumu msasa, nikalaumu maji. Mwenye nyumba, mtu mzima wa makamo, akaja akatazama, akaniambia taratibu: "Fundi, hicho kitambaa ndicho tunakamulia dhahabu."

Wachimbaji husaga mawe, kisha huchanganya unga wake na maji na zebaki. Zebaki hushikana na dhahabu ikawa donge. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa ili zebaki ya ziada itoke, na linalobaki huchomwa moto ibaki dhahabu peke yake. Kitambaa nilichokiokota kilikuwa na vitone vya zebaki, vidogo hata sikuviona. Nami nilikuwa nimetoka kuichubua kava ngozi yake yote.

Alumini ina ngozi

Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, na kutu hiyo hubanduka, chuma kikaendelea kuliwa. Alumini ni tofauti. Ikigusana na hewa tu, mara hiyo hiyo hujifunika kwa utando mwembamba wa oksaidi, mwembamba kiasi kwamba huuoni kwa macho, nao haubanduki. Utando huo ndio ngozi yake. Ukiikwaruza, ngozi hujirudisha yenyewe bila kuchelewa.

Kwa hivyo mng'aro unaouona ni alumini iliyolainishwa, na juu yake pana ngozi hiyo inayopitisha mwanga. Kazi yetu ni kuiacha ngozi ikae. Kila kinachoitoboa au kuiyeyusha kitaleta weupe na vishimo, hata ungepaka dawa ya bei gani.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu huingia pale ngozi ilipochubuka, ikaiyeyusha alumini ndani yake na kuizuia isijifunike tena. Alumini inayofika juu hukutana na hewa na unyevunyevu ikageuka unga mweupe, na zebaki yenyewe haimaliziki. Tone dogo huendelea kula. Hii ndiyo sababu katika usafirishaji wa mizigo kwa ndege zebaki huwekwa katika kundi la vitu vinavyokula metali: ndege zimejengwa kwa alumini.

Adui wa Pwani ni chumvi

Sisi wa Pwani hatuna zebaki mezani, lakini tuna upepo wa bahari. Chumvi inayokuja na upepo hukaa juu ya injini kama vumbi lisiloonekana. Unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, chumvi hiyo huanza kuvuta maji yenyewe na kuwa majimaji. Mombasa, Malindi na Lamu, usiku na alfajiri unyevu hupita hapo mara nyingi. Kumbe gari lililolala nje bila kunyeshewa hata tone linaweza kuamka na majichumvi juu ya injini. Chumvi hupenya ngozi ya alumini mahali padogo padogo, ndipo panapotokea vishimo vyenye unga mweupe.

Wengine humaliza kazi ya bahari kwa mikono yao: wanaosha injini kwa maji ya kisima. Visima vingi vya huku maji yake ni ya chumvi. Ukiosha kwa maji hayo ukaacha yakauke juani, umeipaka injini chumvi kuliko upepo wa mwezi mzima.

Vitu visivyofaa kugusa alumini

Kila nyumba inajua kwamba sufuria ikisuguliwa kwa jivu na mchanga hung'aa. Inang'aa kwa sababu jivu hula ngozi ya alumini na mchanga huikwangua, ndiyo maana sufuria hizo huwa nyembamba kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye injini mambo ni yale yale:

- Kostiki soda, dawa ya kusafisha oveni na sabuni kali za kutoa grisi huyeyusha ngozi na kuacha rangi ya kijivu isiyotoka kwa kitambaa. Soma kibandiko cha dawa. Kama hakisemi inafaa alumini, usiitumie.
- Maji ya betri, siki na ndimu hung'arisha kwa muda mfupi, kisha hula. Maji ya betri yakimwagika, mwaga maji mengi mara moja, pitisha soda ya kupikia iliyoyeyushwa kwenye maji, suuza tena.
- Waya wa chuma wa kusugulia vyombo huacha vipande vidogo ndani ya alumini. Vipande hivyo hushika kutu, na vikilowa huichochea alumini iliyo jirani iliwe upesi.
- Petroli haifai kuoshea injini. Hatari ya moto ni kubwa kuliko faida yoyote.

Kuosha

Acha injini ipoe mpaka uweze kuilaza mkono bila kuuondoa. Maji baridi juu ya alumini ya moto huacha alama, na kuna sehemu yanaweza kuipasua. Funika alteneta, mdomo wa hewa na kisanduku cha fyuzi kwa mifuko ya plastiki.

Anza kwa kuondoa vumbi kwa maji au kwa upepo kabla ya kugusa na kitambaa. Jambo hili nililiona Masara pia: vumbi la mawe yaliyosagwa limejaa kwati, nayo kwati ni ngumu kuliko alumini. Ukipangusa kavu, unapiga msasa bila kujua. Mchanga wetu wa ufukweni nao ndivyo.

Osha kwa sabuni laini ya vyombo na brashi ya nywele laini. Suuza kwa maji ya mfereji au ya mvua. Kama maji baridi ni ya shida mtaani kwenu, kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, ukikisuuza mara tatu nne, kinatosha kuliko ndoo nzima ya maji ya kisima. Kausha hapo hapo, hasa kuzunguka bolti na kwenye mikunjo ambako maji hulala.

Kung'arisha

Kama weupe ni wa juu juu tu, usikimbilie msasa. Dawa ya kung'arisha metali na kitambaa cha pamba hutosha. Msasa ni wa pale palipo na vishimo. Anza na namba 400 au 600 kwa maji, panda 800, 1000, 1500, mpaka 2000, na usihame namba mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Kisha malizia kwa dawa na kitambaa safi. Kila namba iwe na kitambaa chake, na kitambaa usichokijua kilikotoka usikishike. Hilo mimi nimelilipia.

Kabla ya kusugua, hakikisha kava haina rangi ya kuangaza juu yake wala haijatiwa ngozi nene ya kiwandani. Zipo sehemu ambazo ngozi yake imeongezwa unene kwa umeme, na ukizisugua unaondoa kinga bora kuliko yoyote utakayoweza kuirudisha gerejini. Sehemu iliyokatwa kwa rangi ya moshi au nyeusi isiyobanduka, mara nyingi ndiyo hiyo. Iache.

Kufunika

Baada ya kung'arisha, futa mabaki ya dawa kwa spiriti, acha pakauke, kisha funika siku hiyo hiyo. Kila kifuniko kina mahali pake:

- Nta ya gari. Ni rahisi, na ukikosea unaifuta. Lakini nta ya karnauba huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86, na injini iliyopata moto maji yake huwa karibu nyuzi 90. Kwa hivyo kwenye kava ya tapeti nta haidumu. Inafaa zaidi rimu, mabano na sehemu zilizo mbali na joto.
- Dawa za kinga za kisasa zisizo nta, zinazostahimili joto. Hizi ndizo ninazopendekeza kwa kava ya tapeti na manifodi ya hewa. Soma nyuzi zilizoandikwa kwenye chupa.
- Rangi ya kuangaza isiyo na rangi. Hudumu, lakini haishiki vizuri kwenye alumini iliyolainishwa sana. Ikipata mkwaruzo mmoja, chumvi hupita chini yake ikatambaa kama nyuzi za buibui, na hapo dawa ni kuibandua yote na kuanza upya. Kwa gari linalolala karibu na bahari, mimi huwashauri wateja wasiipake.

Manifodi ya moshi na tabo zina joto kali mno. Hapo usipake nta wala rangi ya kawaida.

Kwa ratiba, gari la Pwani lifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi kila wiki au wiki mbili, na kinga irudiwe kila mwezi au miwili. Ukiona maji hayakusanyiki tena kuwa vitone juu ya kava, kinga imekwisha. Bolti za chuma cha pua zinazoshikilia alumini zipake grisi kidogo kwenye meno, kwa maana metali mbili tofauti zikikutana na majichumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Kama zebaki imegusa

Ukiona nyuzi nyeupe zinazoota tena baada ya kupanguswa, usipige msasa, kwani utapeperusha vumbi lenye zebaki. Usiichome moto ili kuitoa. Mvuke wa zebaki hauonekani, nao huharibu ubongo na figo, na kwa mtoto aliye tumboni ni hatari zaidi. Vaa glavu, tia kava na kitambaa ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko, viweke mbali na nyumba, na usivitupe chooni wala mtoni. Kava hiyo haina matengenezo, nunua nyingine.

Mimi nilimnunulia mteja wangu kava nyingine kwa pesa yangu. Lakini kilichonibaki kichwani si kava. Nilipokuwa nikimweleza mwenye nyumba namna zebaki inavyokula alumini, mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Kumbe ndiyo maana sufuria zangu mbili zimetoboka mwaka huu." Meza niliyofanyia kazi jioni ndiyo waliyokuwa wakinywea chai asubuhi, watoto wakiwemo. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Mzee akaitoa ile meza nje kabla sijamaliza kufunga vyombo vyangu, na akaahidi kukamulia mbali na nyumba. Si suluhisho kamili. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi 2017, lakini pale mezani hakuna aliyekuwa amesikia habari zake. Waliona kwanza kwenye kava ya gari.

Ukiwa na ndugu machimboni, Migori, Kakamega, au ng'ambo ya mpaka kule Geita, mpigie simu umuulize sufuria zao zikoje.