Mikondo ya Ulaya Ilivyovuka Ziwa

Oktoba 1945, mjini Paris, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara mbele ya umati uliofurika ukumbi, akaeleza falsafa ambayo Waswahili tumeiita udhanaishi: kwamba mtu huzaliwa kwanza, maana ya maisha yake aitafute mwenyewe baadaye, tena bila mtu wa kumsingizia akikosea. Mwaka huohuo, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza, mjukuu wa Mtemi Machunda, alikamilisha kwa Kikerewe mswada mrefu kuhusu mume na mke waliohangaika kupata mtoto. Hakuna dalili kwamba hawa wawili waliwahi kusikiana. Lakini katika miaka iliyofuata, kile alichokisema Sartre kilifika hadi kisiwani kwa Kitereza, na kikakuta nyumba si tupu.

Mwanafunzi wa fasihi hukutana na mikondo ya Ulaya ikiwa imepangwa foleni. Kwanza urasimi na utii wake kwa kanuni za Wagiriki na Warumi. Kisha ulimbwende wa kina Wordsworth na Coleridge, walioanza kusikika mwaka 1798. Baada yao uhalisia, uliomfikisha Flaubert mahakamani mwaka 1857 kwa riwaya ya *Madame Bovary*. Halafu usasa wenye kuvunjavunja umbo, na mwishoni udhanaishi wa Sartre na Camus. Kila mkondo ulizaliwa ukigombana na uliotangulia, na magomvi hayo yalidumu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kwetu foleni hiyo haikuwahi kuwepo. Mikondo yote ilitua ndani ya miaka isiyozidi thelathini, huu ukikanyaga kisigino cha ule, na sehemu kubwa ya mizigo ilipokelewa na watu wa Ziwa Victoria.

Msafiri anayetoka Ukerewe kwa barabara huvuka kwa kivuko hadi Kisorya, akapita Bunda, na jiji la Mwanza humpokea pale Igoma, kwenye Barabara ya Musoma. Barabara hiyohiyo ndiyo ya kwenda kwa Julius Nyerere, Butiama. Nyerere anastahili kutajwa mapema katika habari hii, ingawa wengi humweka kwenye siasa na kumwacha huko. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia zake kwa mistari yenye mapigo lakini isiyo na vina, na Nyerere akamfuata. Kwa hiyo miaka kumi na zaidi kabla ya vita vya mashairi huru kupamba moto, mkuu wa nchi, ambaye pia alijua kutunga kwa vina na mizani, alikwishaweka hadharani mistari ya Kiswahili isiyo na vina. Sijaona aliyemshutumu kwa kuua ushairi. Pengine ni kwa sababu ilikuwa tamthilia, au kwa sababu alikuwa Rais.

Shutuma zilimngoja Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, akasoma Seminari ya Nyegezi, upande wa pili wa jiji ukiwa Igoma, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1970. Seminari zilikuwa mlango wa kwanza wa Ulaya kwa vijana wengi wa Kanda ya Ziwa: Kilatini, maktaba, na mazoea ya kuuliza mtu ana uhuru gani mbele ya Mungu. Hilo la mwisho ndilo swali la wadhanaishi, hata kama mapadri walikuwa na jibu lao. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* (1971), inamfuata binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa kipigo na baba mlevi, akapelekwa shule Mwanza, akaangamia kwa uhuru asiofundishwa. Ni uhalisia mkavu. Ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaruhusiwa. Flaubert angeielewa kesi hiyo.

Mwaka 1974 ndio wa kukaa nao. Katika mwaka huo mmoja Kezilahabi alitoa vitabu viwili, diwani ya *Kichomi* na riwaya ya *Kichwamaji*.

*Kichomi* ilikuja na mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabu, na katika utangulizi mwandishi akadai haki ya kutunga kwa lugha wanayozungumza watu kila siku. Dai hilo Wordsworth alikwishalitoa katika dibaji yake ya mwaka 1800. Umbo la mashairi yenyewe lakini ni la wasasa wa karne ya ishirini, na wasiwasi uliomo ndani ni wa wadhanaishi. Karne na nusu ya magomvi ya Wazungu, ndani ya kitabu kimoja chembamba! Anayeuliza Kezilahabi ni wa mkondo gani anauliza swali la foleni kwa mtu ambaye hakupanga foleni.

Ugomvi uliozuka haukuwa wa Ulaya hata kidogo. Wanajadi, watetezi wa vina na mizani, walikuwa na sheria zao zilizoandikwa: Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954. Upande wao alikuwepo Saadani Kandoro, ambaye miaka ya 1950 alikuwa akiongoza harakati za kudai uhuru hapahapa Mwanza na alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Alikuwepo Jumanne Mayoka. Kutoka Mombasa walikuwepo Shihabuddin Chiraghdin na Abdilatif Abdalla. Upande wa pili, pamoja na Kezilahabi, walisimama Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, vijana wengine wa Kanda ya Ziwa, waliotoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976. Bara dhidi ya pwani, walisema wengi, na kulikuwa na ukweli kidogo katika hilo, pamoja na kejeli nyingi za pande zote.

Wahakiki wa chuo kikuu wamezoea kuwasimulia wanajadi kama wazee waliogomea maendeleo. Si haki. Shairi la Kiswahili liliundwa ili liimbwe. Mizani ni pumzi ya mwimbaji, na anayeifuta anapaswa kusema ataimbisha nini. Tena ushujaa wa kisiasa haukuwa mali ya mashairi huru. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kwa kuipinga serikali ya Jomo Kenyatta, na mashairi aliyoyatunga gerezani, *Sauti ya Dhiki* (1973), yamefuata kanuni barabara. Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo iliyobeba jina la Kenyatta mwenyewe. Ulaya, wafuasi wa usasa walipenda kuamini kwamba anayevunja umbo la shairi anavunja pia minyororo ya jamii. Hapa mfungwa aliitikisa serikali kwa vina na mizani.

*Kichwamaji* ni habari nyingine. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi Ukerewe na elimu iliyomwondolea imani ya wazazi bila kumpa nyingine. Familia inakufa mbele yake, ndoa yake inaambukizwa ugonjwa wa zinaa, mtoto wao anazaliwa mfu mwenye kichwa kikubwa, naye Kazimoto anajiua. Wahakiki walimwona Camus mara moja, na hawakukosea: dunia isiyojibu, na mtu anayeendelea kuuliza. Lakini Meursault, mhusika wa *Mgeni* wa Camus, ni mtu asiye na ukoo. Mama yake amekufa na yeye haoni huzuni. Kazimoto amezungukwa na ukoo, majirani, uchawi unaonong'onwa, na rafiki wa utotoni aliyempa dada yake mimba. Upweke wake ni wa mtu aliye katikati ya umati. Huo Kezilahabi hakuuazima Paris.

Na swali lenyewe halihitaji pasipoti. Igoma ndipo yalipo makaburi ya wengi waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa, baadhi wakazikwa bila kutambuliwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayekaa Igoma na kukariri fasili ya udhanaishi kwa ajili ya mtihani ana swali la Kazimoto jirani na nyumbani kwao, na sidhani kama kuna mwalimu anayempeleka huko.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kulikuwa na mkondo mwingine uliodai utii: uhalisia wa kijamaa, uliotoka Urusi, uliotaka fasihi imwoneshe mfanyakazi na mkulima wakishinda. Vitabu vya aina hiyo viliandikwa vingi na vingi vimesahaulika. Kezilahabi aliujibu kwa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) na *Gamba la Nyoka* (1979), ambamo vijiji vya ujamaa vinajengwa na watu wenye mashaka, si mashujaa. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwingine, aliyesoma Makerere na baadaye Sorbonne, alishiriki na Clement Maganga kumtafsiri Frantz Fanon kwa Kiswahili, *Viumbe Waliolaaniwa* (1978).

Kisha, mwaka 1990 na 1991, Kezilahabi akatoa *Nagona* na *Mzingile*. Kurasa chache, hadithi haishikiki, na Socrates, Plato, Freud, Marx na Nietzsche wanajitokeza humo kama wazee waliochoka. Baadhi ya wahakiki walikimbilia jina la uhalisia mazingaombwe, kwa kuwa Amerika ya Kusini ilikuwa kwenye chati. Mimi nasoma humo hadithi za mafumbo za Ukerewe zilizopitia Wisconsin, alikopata udaktari mwaka 1985, na naona zaidi ya hapo jina halisaidii.

Kezilahabi alifariki Januari 9, 2020, akiwa sehemu ya mitihani ya karibu kila idara ya Kiswahili Afrika Mashariki. Kitereza hana nafasi hiyo. Alikitafsiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980 baada ya kukipeleka China kuchapwa, naye akafa mwaka 1981 kabla hajakishika. Kimeeleza kilimo, uvuvi, ugomvi wa wakwe na tiba ya ugumba kwa subira ambayo Flaubert angeihusudu, ila hakuna anayeuliza kama ni uhalisia, kwa sababu mwandishi hakuwa amesoma wahalisia. Miaka ya 1990 Wajerumani walikisoma kwa lugha yao. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza, kimetafsiriwa na Ruhumbika, mtu wa kisiwa kilekile. Katika orodha ya mikondo mwishoni mwa vitabu vya kiada hakimo popote, na nionavyo mimi orodha hiyo ndiyo yenye kasoro.