Wapolandi wa Tengeru na Mvua za Vuli

Mvua za vuli zianzapo hapa Nkende, kila mtu aijua kazi yake. Majembe yatolewa, mbegu zachaguliwa, na mama wa nyumba atazama kama paa lavuja. Lakini waliwako watu walioikuta vuli ya nchi hii hali hawaijui hata kwa jina, wala hawakuja kwa kupenda kwao. Yafaa habari zao ziandikwe, kwa maana wazee wetu walizoea kuwaona Wazungu wa namna tatu tu: mtawala, mmisionari, na mwenye shamba kubwa. Hawa walikuwa wa namna ya nne: walikuwa maskini.

Watu hao ni Wapolandi waliokaa Tengeru, karibu na Arusha, chini ya mlima Meru. Mwezi wa Septemba 1939 nchi yao ilishambuliwa na Wajerumani kutoka magharibi, na kabla mwezi haujaisha Warusi wakaingia kutoka mashariki. Tangu tarehe 10 Februari 1940, Warusi waliwatoa majumbani mwao watu wengi sana wa upande ule, wakawapakia katika magari ya moshi ya kuchukulia mizigo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Hata mwaka 1941, Wajerumani walipowageukia Warusi, wafungwa wale wakafunguliwa. Mwaka 1942 wakavushwa mpaka Uajemi. Wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini, nao wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa mahali. Wapatao 18,000 au zaidi waliletwa Afrika, wakatawanywa Uganda, Kenya, Tanganyika, Rhodesia na kwingineko. Katika nchi yetu walikaa pia Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro, ila Tengeru ndipo palipokuwa pakubwa, maana palipata kuwa na watu karibu 5,000.

Walianza kufika Tengeru katika miezi ya mwisho ya mwaka 1942. Hebu msomaji afikiri jambo hili. Kwao Ulaya, mvua ya Oktoba ni ishara ya kuwa shamba lafungwa: viazi vimekwisha kuchimbwa, majani ya miti yaanguka, na mtu akusanya kuni kwa ajili ya theluji inayokuja. Huku mvua ile ile ni ishara ya kupanda. Mkulima aliyejua kazi yake tangu utoto alijikuta hajui mwezi wa kutia mbegu.

Nyumba walizopewa zilikuwa za msonge, za udongo uliopakwa chokaa, zimeezekwa nyasi na majani ya migomba, na sakafu ni ardhi tupu. Kwa babu zetu nyumba ya namna hiyo ni nyumba; kwa mgeni aliyetoka katika baridi ya Siberia, ni ajabu. Malaria nayo iliwapata. Hata hivyo hawakukaa kitako. Walipanda maua na mboga kando ya milango, wakawa na shule, hospitali, kanisa na shamba lao.

Serikali ya Kiingereza iliwapokea, lakini kwa mashaka. Maofisa waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu fukara, heshima ya utawala itapungua. Kwa hiyo wageni waliwekwa mahali pao peke yao. Sidhani kama woga ule ulisaidia neno, kwa kuwa vijana wetu walikuwa katika Keya siku zile zile, nao waliwaona Wazungu wakiuana kule vitani.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, wengi hawakuweza kurudi. Vijiji vyao vya mashariki vilikuwa vimekwisha kutiwa katika dola ya Kisovieti, na leo viko Ukraine, Belarus na Lithuania. Basi wakangoja miaka, ndipo wakaanza kuondoka, wengine Uingereza, wengine Australia na Kanada. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 walipelekwa Kanada.

Wageni walipokuwa wakiondoka, jambo jingine lilitokea katika mlima ule ule. Mwaka 1951 serikali hiyo hiyo iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, ili wapewe Wazungu wenye mashamba. Nyumba zao zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, wala ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Hivyo mlima mmoja ulimpa pa kulala aliyefukuzwa kwao mbali, na mwenyeji akafukuzwa kwake.

Misonge ya Tengeru imekwisha. Makaburi yaliyobaki hapo yakaribia 150, nayo yana misalaba na majina ya Kipolandi. Machache ni ya Wayahudi waliokuja pamoja nao. Hutunzwa hata leo, na wajukuu wa waliokaa pale hufika kutoka mbali kuyatafuta.